Jiwe la Nyangumi, Jiwe la Mchwa: Nani Hulipia Ibada za Wanyama Japani?

Juu ya mlima Koya, katika makaburi ya Okunoin, kati ya makaburi ya majemadari na mierezi yenye umri wa karne kadhaa, lipo jiwe lenye maneno machache tu: enyi mchwa, laleni kwa amani. Waliolisimamisha ni chama cha kampuni za kuangamiza mchwa. Wageni hulipiga picha, hucheka kidogo, hupita. Wangefanya vizuri kusimama, kwa sababu jiwe hilo linaeleza desturi nzima kuliko vitabu vingi: aliyeua kwa kazi yake ndiye aliyetoa fedha, na baada ya ibada alirudi kazini kuua wengine.

Ibada yenyewe huitwa kuyō. Ni kisomo na sadaka kwa ajili ya aliyekufa, na Wajapani huwafanyia kwanza wazazi na mababu zao. Ikihusu wanyama, mara nyingi huitwa pia ireisai, yaani sherehe ya kutuliza roho, na anaweza kuiongoza mtawa wa Kibuddha, kuhani wa Shinto, dini ya asili ya Wajapani, au asiwepo mtu wa dini hata mmoja. Kwa msomaji aliyezoea jina la Mungu kutajwa kabla ya kisu kugusa shingo, cha kushika mapema ni wakati. Kuyō huja baada ya kuua, pengine miezi kadhaa baadaye, na wanyama wa msimu mzima husomewa kwa mkupuo. Haihalalishi nyama wala haimkatazi mtu kuchinja kesho yake alfajiri.

Ukifika mbele ya jiwe la namna hii, usiishie kusoma upande wa mbele. Mbele kuna maneno makubwa ya heshima. Zunguka nyuma: huko mara nyingi ndiko kwenye mwaka, mwezi, na majina ya chama cha wauza samaki, wapishi, wachinjaji, watengenezaji wa ala za muziki. Huo ndio waraka wenyewe. Kando ya bwawa la Shinobazu, katika bustani ya Ueno jijini Tokyo, mawe hayo yamesongamana: la samaki bunju mwenye sumu, la kasa wa maji baridi anayepikwa mchuzi, la ndege, la samaki, na katikati yao hata la visu vya jikoni na la miwani. Kwenye hekalu la Namiyoke Inari, pembeni ya soko la zamani la Tsukiji, kamba ana jiwe lake, kombe wa baharini ana lake, mayai yana lao, na sushi nayo haikusahauliwa. Hekalu la Ekō-in, lililoanzishwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 kwa ajili ya waliokufa bila ndugu wa kuwazika, lina mnara wa paka na mbwa ambao ngozi zao ziliwambwa kwenye shamisen, kinanda cha nyuzi tatu. Na katika hekalu la Kan'ei-ji kuna kilima cha wadudu cha mwaka 1821: mtawala wa Nagashima, Masuyama Sessai, aliwaua wadudu ili awachore kwa usahihi, akaacha wosia wajengewe jiwe.

Orodha hii ingeweza kuendelea hadi kesho. Okaya, mji wa viwanda vya hariri huko Nagano, ulijenga mnara wa viwavi wa hariri mwaka 1934, maana uzi mzuri hupatikana kwa kumuua mdudu akiwa bado ndani ya kifukofuko chake, kabla hajakitoboa. Huko Kashikojima, wafugaji wa lulu huwakumbuka chaza kila tarehe 22 Oktoba. Lakini ukitaka kuelewa mambo yalivyo, afadhali ukae na mfano mmoja.

Huo ni Kayoi, kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Ōmijima, mkoani Yamaguchi. Katika enzi za Edo (1603–1868) watu wa Kayoi walivua nyangumi kwa nyavu na chusa: mashua zilimfukuza mnyama hadi kwenye nyavu, akishanaswa na kuchoka ndipo alipochomwa. Nyangumi mmoja alikuwa nyama, mafuta, mifupa ya mbolea na kodi ya mtawala. Msemo wa Kijapani unadai kwamba akipatikana mmoja, ghuba saba hushiba. Sehemu ya mafuta yake ilimwagwa kwenye mashamba ya mpunga ili kuua wadudu waharibifu. (Wadudu hao nao wana kuyō yao, huko Chita, mkoani Aichi, wakulima wameifanya kwa vizazi.)

Tatizo lililowasumbua watu wa Kayoi lilikuwa mimba. Majike yaliyopita pwani hiyo wakati wa baridi mara nyingi yalikuwa yamebeba, na alipopasuliwa mama, kijusi kilitoka naye. Hakikuwa kimekusudiwa wala hakikuwa na faida kubwa. Mwaka 1692 wakasimamisha jiwe la itale lenye urefu wa takriban mita 2.4, na nyuma yake wakazika vijusi. Inahesabiwa kwamba wapo zaidi ya 70. Juu limechongwa jina la Buddha Amida, na chini yake mistari minne ambayo kwa Kiswahili ni karibu hivi: viumbe wenye hisia ambao muda wao umekwisha, hata tukiwaachia hawataishi, basi na wakae ndani ya wanadamu, wapate pamoja nao tunda la Ubuddha.

Mistari hiyo haikutoka baharini. Ni ya wawindaji wa milimani, wa hekalu la Suwa, Nagano, ambako kulungu walikuwa sadaka na chakula. Tangu mwaka 675, Mfalme Tenmu alipokataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kati ya mwezi wa nne na wa tisa, nyama ilikuwa jambo la kuonewa haya, na mafundisho ya Kibuddha dhidi ya kuua yaliongeza uzito. Kulungu na nguruwe mwitu hawakutajwa katika amri ile, ila aibu haikuwaacha. Suwa ikapata njia: ikatoa karatasi za ruhusa ya kula kulungu pamoja na vijiti maalumu vya kulia, na vitu hivyo bado hupatikana hekaluni hapo. Hoja yake ni kwamba mnyama aliyefikwa na siku yake hafaidiki akiachiwa. Akiliwa na binadamu anayeweza kusali, anapandishwa pamoja naye.

Ukiwa na roho ya ubishi utasema hii ni hoja ya mla nyama, na hutakuwa umekosea. Ila tazama Kayoi walivyoigeuza. Kwa kijusi, maneno "hata tukiwaachia hawataishi" hayahitaji imani yoyote. Ni ukweli wa kawaida, kwani ndama aliyetolewa tumboni kabla ya wakati hawezi kuogelea peke yake. Ndiyo sababu maelezo ya wenyeji huyasoma kama maneno ya mtu anayejitetea mbele ya mtoto: hatukukutafuta wewe, tungependa kukurudisha baharini, lakini ungekufa huko. Hekalu la Kōganji, la madhehebu ya Jōdo, lina pia daftari la marehemu la nyangumi. Waliopatikana kati ya 1719 na 1837 waliandikwa humo kwa jina la Kibuddha analopewa marehemu, aina yao na mahali waliponaswa, kwa utaratibu uleule wa kuandika binadamu wa kijiji. Uvuvi wa Kayoi ulikoma mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kisomo cha nyangumi bado hufanyika kila mwaka majira ya kuchipua.

Taiji, mkoani Wakayama, ina kumbukumbu chungu zaidi. Wavuvi wa huko walikuwa na mwiko: jike la nyangumi mwenye mtoto usimwote hata ndotoni. Desemba 1878, baada ya msimu wa njaa, mashua zilimwandama jike wa namna hiyo, zikapelekwa mbali na pwani, na bahari ikachafuka. Zaidi ya watu 100 walipotea. Hapo unaona kuyō ilikuwa inazunguka nini: hofu pia imo. Roho isiyotulizwa huweza kudai. Wanaoielezea desturi hii kama shukrani tupu kwa maumbile wameikata nusu, na nusu waliyoitupa ndiyo iliyowafanya watu maskini wachange fedha za kuchonga itale.

Sasa ibada yenyewe. Siku huchaguliwa kulingana na kazi: bunju wa Shimonoseki husomewa tarehe 29 Aprili, msimu ukiwa umekwisha; bustani za wanyama hupenda karibu na siku ya Septemba ambayo usiku na mchana hulingana, wakati Wajapani wanapozuru makaburi. Meza hutandikwa kitambaa cheupe mbele ya jiwe. Juu yake huwekwa maua, mchele, maji, sake (pombe ya mchele), matunda na mboga, pamoja na chakula ambacho mnyama mwenyewe alikila: majani makavu kwa ng'ombe, karoti na tufaha, punje za chakula cha maabara kwa panya. Kwenye meza ya Kibuddha nyama haiwekwi, na wanaofuata masharti kikamilifu huepuka pia vitunguu na vitunguu saumu kwa sababu ya ukali wake. Anayekosea hapa mara nyingi ni mgeni mwenye nia njema, anayeleta kilicho bora dukani kwake.

Mbele ya meza huwekwa chetezo chenye makaa, na pembeni yake kisanduku cha unga wa uvumba. Makaa yawashwe mapema, yawe yameiva hadi katikati kabla mtawa hajaanza. Makaa mabichi yakikutana na uvumba mwingi hutoa moshi mzito na kuzimika, na foleni inasimama. Nje kwenye upepo hali hugeuka: unga hupeperuka kabla haujafika kwenye makaa, kwa hiyo chetezo kirefu chenye ukingo ni bora kuliko sahani. Wahudhuriaji huanza kwa dakika moja ya kimya, kisha mkuu wa chama au taasisi husoma hotuba akiielekeza kwa wanyama wenyewe na si kwa watu walioketi. Kwenye maabara na machinjio hotuba hiyo huweza kutaja idadi ya waliouawa mwaka huo. Kwa maoni yetu hicho ndicho kipande chenye uzito kuliko vyote, na panapokosekana tarakimu, hotuba hugeuka kuwa maua ya karatasi.

Mtawa husoma. Mara nyingi ni Sutra ya Moyo, andiko la Kibuddha lenye herufi 262, fupi kiasi cha kumalizika kwa dakika chache na inayojulikana na karibu madhehebu yote. Miongoni mwa wasioisoma ni Jōdo Shinshū. Ukimwalika mtawa wao, usichapishe maandishi hayo kwenye ratiba. Wakati wa kisomo watu hutoka mmoja mmoja. Unainama, unachota unga kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, unauinua hadi usawa wa paji la uso, unaudondosha kwenye makaa, unaunganisha viganja. Madhehebu ya Shingon hufanya mara 3. Sōtō mara 2, na ya pili bila kuinua. Jōdo Shinshū hawainui kabisa: tawi la Honganji mara 1, tawi la Ōtani mara 2. Watu wakiwa wengi, mwendeshaji hutangaza kwamba kila mtu atie mara moja tu, na hapo hakuna anayemhukumu mwenzake.

Ikiwa ni Shinto, badala ya uvumba kuna kitawi cha mti wa sakaki chenye vipande vya karatasi nyeupe. Unakipokea mkono wa kulia ukiwa juu ya shina na wa kushoto chini ya majani, unakizungusha kwa mwelekeo wa saa hadi shina lielekee madhabahuni, unakiweka, unainama mara 2, unapiga makofi mara 2, unainama mara 1. Kosa maarufu ni la makofi: katika ibada ya wafu, viganja husimama kabla ya kugusana kwa nguvu, bila sauti. Kofi moja la kishindo katikati ya ukimya hugeuza vichwa vyote.

Sadaka ya mtawa hutiwa kwenye bahasha na hakuna bei inayobandikwa. Kamati hulazimika kuuliza hekalu kwa upole au kuwauliza waliotangulia. Baadhi ya vyama huagiza pia ubao mrefu mwembamba wa sotoba, ulioandikwa kwa wino sababu ya ibada, unaosimamishwa nyuma ya jiwe hadi mvua iufute. Katika mikoa ya Akita na Yamagata wavuvi wa salmoni walihesabu kwa namna hiyo: wakifikisha samaki 1,000, nguzo ya kuyō husimamishwa. Wawindaji wa Kyushu nao walihesabu nguruwe mwitu na kulungu hadi 1,000.

Samaki wakiachiwa baharini mwishoni mwa ibada, kama wanavyofanya wauza bunju na wauza mikunga, huo ni tawi la desturi nyingine ya kale ya kuwaweka huru viumbe. Ni sehemu inayoharibika kirahisi. Samaki aliyefugwa kwenye tangi akirushwa kutoka juu, kwenye maji yenye joto tofauti, huenda asifike jioni. Wenye ujuzi humshusha kwenye ndoo, humwacha azoee, kisha huinamisha ndoo taratibu.

Vyuo vikuu na maabara vina tatizo lao. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947, katika vifungu vya 20 na 89, imetenga serikali na dini, kwa hiyo taasisi ya umma haiko huru kumlipa mtawa kwa fedha za bajeti. Nyingi zimebaki na dakika ya kimya, hotuba, na ua moja jeupe kwa kila mtu. Wanafunzi huhimizwa kuhudhuria, pengine kulazimishwa, na mtu anaweza kuuliza kama ua la kulazimishwa lina maana yoyote. Hata hivyo ni mara moja kwa mwaka ambapo profesa, fundi wa vizimba na msafisha maabara husimama foleni moja kwa ajili ya panya.

Machinjio ndiyo mahali ambapo jiwe linashindwa kuficha. Huko Shimoda, katika hekalu la Gyokusenji alikokaa balozi mdogo wa Marekani Townsend Harris tangu 1856, wauza nyama wa Tokyo walisimamisha mnara mwaka 1931 kwa ng'ombe waliochinjwa hapo kwa ajili ya meza ya wageni. Mfalme Meiji alikula nyama ya ng'ombe hadharani mwaka 1872, na leo machinjio mengi yana jiwe la roho za mifugo. Ng'ombe ametulizwa, aliyemchinja je? Kazi ya ngozi na nyama ilikuwa imeachiwa watu waliohesabiwa najisi, na amri ya 1871 iliyofuta daraja hilo haikufuta dharau. Soko la nyama la Shibaura, Tokyo, lina chumba cha maonyesho kinachoweka wazi barua za matusi walizotumiwa wafanyakazi wake. Nchi inayomwombea ng'ombe kwa heshima na kumtukana mchinjaji wake ina hesabu ambayo hakuna mtawa anayeweza kuifunga.

Na kuna siku kuyō ilitumika vibaya mchana kweupe. Agosti 1943 gavana wa Tokyo, Ōdachi Shigeo, aliamuru wanyama hatari wa bustani ya Ueno wauawe. Waliuawa 27. Ibada kubwa ilifanyika tarehe 4 Septemba, watawa wakasoma, watoto wa shule wakahudhuria. Tembo wawili, Tonky na Wanri, walikuwa bado hai hapohapo bustanini, wakinyimwa chakula. Wanri alikufa tarehe 11, Tonky tarehe 23. Walisomewa kabla hawajafa. Hapo ibada ilihama kutoka kwa aliyeua kwenda kwa aliyetaka taifa lijiandae kwa vita, na kila sheria yake, kuanzia wakati, ikavunjika.

Mambo magumu ya sasa ni ya wanyama ambao hakuna aliyewala. Mwaka 2010, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Miyazaki, ng'ombe na nguruwe karibu 300,000 waliuawa na kufukiwa. Wafugaji walisimamisha mawe. Lakini anayefanya kuyō ni yule aliyenufaika, na hapa hapakuwa na mnufaika. Daktari wa mifugo aliyedunga sindano alikuwa anatii amri. Kulungu nao wamezidi milimani, wanakula mazao na miche ya misitu, na katika miaka ya karibuni zaidi ya 600,000 huuawa kila mwaka. Sehemu ndogo tu hufika jikoni. Wengine hufukiwa au kuchomwa, na mwindaji hupeleka mkia ofisini pamoja na picha ili alipwe.

Vyama vya wawindaji vinaendelea kusimamisha mawe ya ndege na wanyama wa porini, na watawa wanaendelea kualikwa. Ila hoja ya Suwa ilisimama juu ya tumbo: kulungu anapandishwa kwa kuwa ameliwa na mtu anayesali. Kwa kulungu aliyefukiwa shimoni, mkia wake ukiwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya meza ya karani, mistari ile minne haina pa kushika, na hadi sasa hakuna aliyeandika mingine iliyokubalika mahali pake.